Mtoto Si Ngao ya Upepo

Msomaji mpenzi, hujambo? Na watu wa nyumbani hawajambo? Ikiwa wakaa Njombe, Makete, Mufindi au juu milimani Mbeya, jibu lako nalijua: "Hatujambo, ila baridi." Na ikiwa wakaa Limuru au Kinangop kule Kenya, jibu lako ni lilo hilo. Msomaji wa pwani atacheka akisikia habari ya baridi katika nchi zetu hizi. Acha acheke. Siku atakaposhuka kwenye basi Njombe alfajiri ya mwezi wa saba, naye amevaa shati la mikono mifupi, kicheko kitakwisha chenyewe.

Juma hili nataka tuzungumze habari ya pikipiki na baridi. Zamani kidogo pikipiki ilikuwa chombo cha mtu mmoja mmoja kijijini: padre, bwana shamba, labda na mfanya biashara. Leo hakuna kijiji kisicho na kijiwe cha bodaboda. Pikipiki yapeleka viazi sokoni, yampeleka mama mjamzito zahanati, yampeleka katekista kigangoni, na asubuhi yawapeleka watoto shule. Ni msaada mkubwa, wala siji kuilaumu. Lakini majira ya kipupwe, tangu mwezi wa sita mpaka wa nane, pikipiki hubadilika tabia. Baridi ambayo mtu aliyesimama mlangoni aivumilia bila shida, juu ya pikipiki yawa jambo jingine kabisa. Na anayeumia kwanza mara nyingi si dereva.

Kwanza tuulize: baridi yenyewe yatoka wapi? Watu wasema nchi za ikweta ni za joto, na hiyo ni kweli, lakini kadiri unavyopanda juu, ndivyo hewa inavyopoa. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, kama mita 2,600. Kwa hiyo haishangazi kwamba asubuhi nyingine za kipupwe kipimajoto hushuka mpaka nyuzi 5 au chini yake, na kule Kitulo nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, yaani ule umande ulioganda.

Haya, hiyo ni baridi ya hewa. Sasa ongeza upepo. Mama akitaka kumpozea mtoto uji, hufanya nini? Huupuliza. Pumzi yake haina baridi. Yatoka katika kifua chenye joto. Hata hivyo uji hupoa upesi, kwa sababu pumzi yaufukuza ule mvuke wa moto uliotulia juu ya bakuli. Basi mwili wako nao ni vivyo hivyo. Umesimama mahali pasipo upepo, mwili hupasha moto hewa iliyo karibu na ngozi, ukawa kama umevaa nguo nyembamba ya joto usiyoiona. Ukipanda pikipiki na kuongeza mwendo, upepo wakuvua nguo hiyo, na kila mwili unapojaribu kuishona upya, yavuliwa tena. Msomaji, juu ya pikipiki wewe ndiwe uji.

Wataalamu wameyapima mambo haya. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walikuwa Antaktika, nchi ya barafu ya kusini kabisa mwa dunia. Walitundika chombo chenye maji penye upepo, wakapima maji yaganda kwa muda gani upepo ukiwa mdogo na ukiwa mkali. Mwaka 1945 walitangaza waliyoyaona. Mwaka 2001 Marekani na Kanada walitengeneza hesabu mpya, baada ya kupima nyuso za watu wakitembea penye upepo. Kwa hesabu hiyo, hewa ikiwa na nyuzi 5, na upepo wa kilomita 50 kwa saa wakupiga usoni, ngozi iliyo wazi yaona baridi kana kwamba hewa iko nyuzi 1 chini ya sifuri. Nao mwendo wa kilomita 50 kwa saa si mbio za ajabu. Ni mwendo wa kila siku wa kijana wa bodaboda kwenye lami.

Sasa sikiliza jambo la maana. Mwili wa mtu hutaka kukaa kwenye nyuzi 37. Ukiona hatari ya kupoa, hufanya kama mama mwenye mkate mmoja na watoto wengi: hugawa kwa akili. Huipunguza damu ya vidole, masikio na miguu, ili moyo na ubongo vipate. Ndiyo sababu vidole hupoa kwanza. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa vidole huanza kupotea. Kisha huja ganzi.

Dereva wa pikipiki hutumia vidole kwa kazi gani? Breki ya mbele iko mkono wa kulia. Klachi iko mkono wa kushoto. Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde moja yakata mita 14 hivi. Basi ng'ombe akitokea ghafula katika ukungu, na vidole vyenye ganzi vikachelewa sekunde moja tu kukamata breki, pikipiki imekwisha kula mita 14 kabla breki haijaanza kazi. Mita 14 ni njia ya kutoka mlangoni kwako mpaka jikoni kwa jirani. Watu hukuta ajali, wakasema, "Alikuwa anakimbiza." Labda ni kweli. Lakini pengine ni mikono iliyokuwa imekufa ganzi.

Tena baridi ina hila. Mwanzoni mtu hutetemeka, na kutetemeka ni kuzuri, maana ndiyo njia ya mwili kuwasha moto wake. Mwili ukizidi kupoa mpaka chini ya nyuzi 35, hapo ni ugonjwa wenyewe. Mtu husema maneno yasiyonyoka kama mlevi, hujikwaa, hukosa shauri, na kutetemeka kwaweza kukoma. Ukimwona mtu aliyepigwa sana na baridi ameacha kutetemeka, na bado yu baridi na mzito wa kusema, usifurahi ukidhani amepona. Huyo ni wa kupelekwa zahanati upesi.

Nimesema anayeumia kwanza si dereva. Ni nani basi? Simama kando ya barabara saa moja asubuhi, uangalie. Baba ampeleka mtoto shule. Mtoto ni mdogo, baba aogopa atalala na kuanguka akiwekwa nyuma. Basi amkalisha mbele, juu ya tangi la mafuta, katikati ya mikono yake. Baba amefanya hivyo kwa upendo, sina shaka. Lakini tazama: baba amevaa koti zito, na mtoto amevaa kaptula ya shule na sweta lililotoboka kiwiko. Upepo wote unaokuja humpiga mtoto kwanza, kisha humfikia baba. Yaani mtoto amefanywa kuwa ngao. Baba mwenyewe hata aona joto kidogo kifuani, hajui kwamba joto lile ni la mwanawe.

Nao mwili wa mtoto hupoa upesi kuliko wa mtu mzima. Chukua kiazi kikubwa na kidogo, uvitoe chunguni pamoja. Kipi hupoa kwanza? Kidogo. Mtoto naye ni mdogo, na ngozi yake ni nyingi ukiilinganisha na nyama iliyo ndani. Kisha mtoto hasemi. Baba auliza, "Mwanangu, wasikia baridi?" Naye ajibu, "Sisikii, baba." Pengine asema hivyo kwa adabu. Pengine ni kweli hasikii, kwa kuwa ganzi imekwisha kumshika. Afika shule, ashindwa kushika penseli, na mwalimu amdhania mvivu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baridi ya mwenzio nayo ni hivyo hivyo: aliyejificha nyuma haijui.

Wala si baridi tu. Mtoto aliyekaa juu ya tangi, pikipiki ikigonga kitu, ndiye anayetangulia kurushwa. Na akiyumba, ausukuma usukani. Basi nasema bila kuficha: mahali pa mtoto si mbele. Mtoto apandaye pikipiki akae nyuma, miguu yake ifike pa kukanyagia, mikono yake iweze kumshika dereva kwa nguvu, na kofia ngumu imkae kichwani sawasawa, isiwe ile ya baba inayozunguka kama chungu. Miguu yake haifiki? Basi bado hajafikia umri wa pikipiki. Na atembee na wenzake akisindikizwa na ndugu mkubwa. Kutembea kutampasha mwili moto, pikipiki haiwezi. Wala tusiwapange watoto watatu wanne kwa mtindo wa mshikaki, tukisema ati watapeana joto. Joto lile halifai kitu mkianguka.

Na mtoto mchanga je? Mama amejifungua zahanati, ameruhusiwa kurudi nyumbani, na gari hakuna. Hapa nawasihi sana. Mtoto mchanga hajui kutetemeka kama sisi, na kichwa chake kikubwa hutoa joto jingi. Kwanza msiondoke alfajiri. Ngojeni jua lipande, saa nne au saa tano. Pili, jamaa wachangiane walikodi gari, hata kama ni gari la kubebea mbao lenye nafasi mbele. Tatu, ikiwa hakuna njia nyingine kabisa ila pikipiki, mama asimbebe mtoto mgongoni kwenye upepo. Amweke kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufi kichwani na soksi miguuni. Amfunge vizuri kwa kanga na kujifunika koti juu, pua ya mtoto iwe wazi na shingo isikunjike. Mama naye apande kwa kutanua miguu pande mbili, asikae upande, na dereva aende polepole.

Kumweka mtoto ngozi kwa ngozi si ushauri wa bibi tu. Mwaka 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati juu ya vifua vya mama zao, maana mashine za joto hazikutosha. Leo Shirika la Afya Duniani lausifu utaratibu huo kwa watoto wote wazaliwao na uzito mdogo. Kifua cha mama ni jiko lisilohitaji kuni.

Sasa tuje kwako, kijana wa kijiweni. Wadhani dawa ya baridi ni koti zito la bei kubwa. La, sivyo. Dawa ni kuuzuia upepo usiingie. Sweta la sufi ni zuri sana, lakini upepo hupita katika matundu yake kama maji katika kikapu. Vaa sweta ndani, na juu yake vaa kitu kisichopitisha upepo, hata koti la mvua la plastiki. Ndiyo sababu wenzako wengi huvaa koti kinyumenyume, zipu ikawa mgongoni. Wageni huwacheka, lakini wana akili: upepo hauna mlango wa kuingilia.

Huna koti la namna hiyo? Chukua gazeti, likunjue, uliweke kifuani kati ya shati na sweta. Nasema kweli. Wale waendesha baiskeli wa mashindano makubwa ya Ufaransa walikuwa wakipokea magazeti kwa watazamaji wakifika kilele cha mlima, wakayaweka kifuani kabla ya kuteremka kwa kasi. Basi gazeti lako hili, ukishalisoma wewe na mkeo na jirani, lina kazi ya pili. Ila tafadhali lisome kwanza.

Mikono ndiyo ya kuangalia kuliko vyote. Nenda kwenye mitumba, utafute glavu za ngozi au za kitambaa kizito, zisikubane, maana glavu inayobana yazuia damu. Au mwombe fundi cherehani akushonee mifuko miwili mikubwa ya turubai, ya kufunga kwenye usukani, ili mkono uingie ndani na kushika breki humo humo. Ifungwe vizuri isizuie breki wala klachi. Miguuni vaa soksi, kisha mfuko wa nailoni, kisha soksi nyingine, halafu buti. Shingoni funga kitambaa, lakini ncha zake zichomekwe ndani. Nanyi kina mama abiria, sikilizeni hapa: kanga na vitenge vinavyopepea nyuma vimekwisha kukamatwa na gurudumu mara nyingi, navyo huvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Kusanyeni nguo zenu, mzikalie.

Wengine watasema, "Tumia chupa, ndiyo koti la masikini." Hasha! Ulanzi, kangara na gongo vyote vina uongo mmoja. Pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto ikaja juu, nawe wajisikia joto. Lakini damu ile imekuja juu kupozwa na upepo. Joto la moyo lamwagika nje, nawe wafurahi. Na kutetemeka kwapungua, na akili yapungua. Mwenye chupa na pikipiki katika baridi amejiibia mara tatu. Chai ya moto yenye sukari, au uji, hufaa kuliko hayo yote.

Liko na kosa jingine linaloua bila kelele. Dereva arudi usiku amepooza kwa baridi, aingiza jiko la mkaa chumbani, afunga mlango na dirisha, akalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamshwi nayo. Watu wengi wamekutwa asubuhi wamekufa hivyo, wakadhaniwa wamerogwa. Jiko likae nje au penye hewa ya kutosha, na kabla ya kulala litolewe. Pikipiki nayo isiwashwe na kuachwa ingurume ndani ya nyumba ati ipate moto. Moshi wake una sumu ile ile.

Aliyefika amepigwa na baridi tumsaidieje? Mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mfunikeni blanketi pamoja na kichwa. Mikono yake aiweke kwapani mwake, au katika maji ya uvuguvugu. Msiitie katika maji ya moto, wala msiikaribishe sana motoni, maana mkono wenye ganzi haujui kwamba waungua. Mpeni chai akiwa na akili timamu ya kunywa.

Hapa wengi huniuliza: je, upepo wa pikipiki huleta nimonia? Nimonia huletwa na vijidudu. Kwa hiyo gazeti kifuani si kinga ya nimonia, na mtoto mwenye homa, kikohozi na pumzi za haraka asifungwe sweta la pili tu, apelekwe zahanati siku ile ile. Ila mwenye ugonjwa wa pumu ajue kwamba hewa ya baridi yaweza kumwamsha ugonjwa wake. Afunike pua na mdomo kwa kitambaa, na dawa yake iwe mfukoni.

Nimebakiza neno moja kwa abiria. Dereva akisimama njiani, akapigapiga mikono yake na kuipuliza, usimwambie, "Twende, nachelewa!" Anaitengeneza breki yako. Shuka nawe, urukeruke kidogo, mpande tena. Mwenda pole hajikwai. Na ukungu ukizidi hata hamwoni mbele, taa ziwashwe na mwendo upunguzwe, hata kama sokoni bei ya viazi yapanda.

Basi, msomaji mpenzi, leo jioni fanya jambo moja dogo. Tazama nguo atakazovaa mtoto wako kesho asubuhi, na umwulize mwenye pikipiki atamkalisha wapi. Ikiwa baba ana koti na mtoto hana, nani wa kuvikwa kwanza? Nina hakika jibu mnalo nyumbani kwenu, wala halihitaji gazeti.

Kwaherini. Tuonane juma lijalo.